Herufi moja, kompyuta nzima: Jinsi seva kubwa zinavyogawanywa kwa amri za maandishi

Mabenki, makampuni ya simu na idara za serikali huendesha kazi nyingi ndani ya kompyuta moja kubwa iliyogawanywa kwa kuta za umeme. Anayezijenga na kuzivunja kuta hizo ni msimamizi aliyeketi mbele ya kioo chenye maandishi matupu, na hatari kubwa katika kazi yake ni kudhani kwamba kilichoandikwa na kinachoendeshwa ni kitu kimoja.

Msikilizaji anayesimama mbele ya mashine ya kutolea fedha saa nane za usiku hana haja ya kujua kompyuta inayomjibu iko wapi. Akizipata noti zake na risiti, yametosha. Lakini nyuma ya jibu lile yumkini ipo kompyuta yenye ukubwa wa kabati la nguo, pengine makabati mawili yaliyosimama bega kwa bega, na ndani ya kompyuta hiyo hiyo, katika dakika ile ile, zinaendeshwa kazi nyingine zisizohusiana kabisa na fedha zake: mishahara ya wafanyakazi, majaribio ya programu mpya, hesabu za mwaka uliopita. Kazi hizo hazionani. Moja ikianguka, nyingine haisikii hata kishindo.

Kinachozitenga huitwa partisheni. Anayeijua nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, atalielewa jambo hili upesi. Wapangaji hukaa chini ya paa moja na hutumia ua mmoja, lakini kila mmoja ana mlango wake na ufunguo wake. Swali ni kitu gani kinachotenganisha chumba na chumba. Panaweza kuwa na pazia, na panaweza kuwa na ukuta wa mawe. Pazia huhamishwa kwa dakika moja, na mara nyingi latosha. Moto ukizuka, ndipo watu hukumbuka faida ya ukuta.

Katika kompyuta, pazia ni programu inayogawa prosesa na kumbukumbu kwa kazi mbalimbali na kusimamia kila moja ikae mahali pake. Ukuta ni mgawanyo wa maunzi yenyewe: bodi hii ni ya mpangaji huyu, bodi ile ni ya yule, na umeme hauruhusiwi kuvuka. Makala haya yanahusu zaidi ukuta, ingawa pazia nalo litatajwa, kwa sababu mtu mmoja mara nyingi hulazimika kuvimudu vyote viwili.

Fikra hii si ya jana. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Amdahl ilianza kuuza uwezo wa kuigawa kompyuta moja katika maeneo kadhaa, na IBM ikaleta wa kwake mwaka 1988 kwa teknolojia iliyoiita PR/SM katika kompyuta zake za 3090. Mwaka 1997 Sun Microsystems ikatoa Enterprise 10000, maarufu kwa jina la Starfire, yenye prosesa hadi 64, na hapo mgawanyo wa maunzi ukaingia rasmi katika ulimwengu wa seva za Unix. Mashine hiyo haikuzaliwa Sun. Ilikuwa mradi wa Cray Research, na Silicon Graphics ilipoinunua Cray mwaka 1996 iliuuza mradi ule kwa Sun, yaani kwa mshindani wake. Ni nadra mfanyabiashara kumkabidhi jirani jembe na shamba kwa siku moja.

Mashine iliyoufikisha ujenzi wa kuta mahali pa kufundishika vizuri zaidi, hata hivyo, ni Superdome, iliyotangazwa na Hewlett-Packard mwaka 2000.

Seli, chasi na partisheni ya Mwanzo

Mwili wa Superdome umejengwa kwa bodi kubwa ziitwazo seli. Kila seli hubeba prosesa nne na kumbukumbu yake. Mashine iliyokamilika, ya makabati mawili, huchukua seli 16, ambazo ni sawa na prosesa 64; zilipoingia prosesa zenye viini viwili, idadi ya viini ikafika 128. Seli zimechomekwa kwenye uti wa mgongo wenye njia panda za umeme, na baadhi ya seli zimeunganishwa na chasi, yaani kisanduku chenye nafasi 12 za kadi za mtandao na za diski. Seli isiyo na chasi ina akili lakini haina masikio wala mikono. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mgawanyo ni kwamba kila partisheni lazima iwe na angalau seli moja iliyounganishwa na chasi yenye kadi za msingi za kuwashia na kuwasiliana. Msimamizi anayeisahau sheria hii huweza kukuta ana seli za kutosha na bado hawezi kujenga chumba kingine.

Ukuta wenyewe haushikiki kwa mkono. Mashine inapowashwa, kila seli husoma daftari la mgawanyo, ambalo humweleza kila mmoja ni wa kundi gani, na vidhibiti vya umeme huwekwa ili ujumbe wa seli isiyo ya kundi ukataliwe. Nakala kuu ya daftari hilo hutunzwa na kompyuta ndogo ya usimamizi iliyomo ndani ya kabati, ambayo huendelea kuwa macho hata partisheni zote zikiwa zimezimwa. Seli nazo hubeba nakala zao.

Mashine mpya kabisa haina partisheni hata moja, na hapo kuna kitendawili: amri za kuunda partisheni huandikwa ndani ya mfumo wa uendeshaji, na mfumo wa uendeshaji hauwezi kuwaka bila partisheni. Wahandisi walikifungua kitendawili hicho kwa kuipa ile kompyuta ndogo ya usimamizi amri ya herufi mbili, CC, inayounda partisheni moja ya seli moja tu. Partisheni hiyo hupewa namba 0, na jina lake ni Genesis, ambalo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua kuwa ni Mwanzo. Humo ndimo mfumo wa HP-UX huwekwa kwa mara ya kwanza, na kutoka humo vyumba vingine vyote hujengwa.

Amri zinazosoma na amri zinazobadili

Amri za kazi hii ni chache, na karibu zote huanza kwa herufi tatu, par. Ya kwanza kujifunza ni parstatus, kwa sababu haibadili kitu, inatazama tu. Ikiandikwa parstatus -P, huorodhesha partisheni zote. Ikiandikwa parstatus -C, huorodhesha seli moja moja: iko kabati gani, inafanya kazi au la, ina prosesa ngapi nzima na ngapi zilizotengwa kwa ubovu, ina kumbukumbu kiasi gani, imeunganishwa na chasi ipi, na ni ya partisheni namba ngapi. Orodha hiyo ina safu moja ambayo wageni huipita bila kuisoma, nayo inaeleza kama seli itatumika katika uwashaji ujao. Haisemi habari za leo. Inasema habari za kesho.

Na ipo parstatus -w, fupi kuliko zote, ambayo hujibu swali moja tu: mwandishi wa amri yuko ndani ya partisheni ipi? Huenda ikaonekana kama mzaha, mtu kuuliza mahali aliposimama. Lakini kioo cha maandishi hufanana na kioo kingine cha maandishi, na msimamizi mwenye madirisha matano wazi usiku wa manane anaweza kabisa kuwa chumba cha nne akidhani yuko cha pili. Jibu lake huja mara moja.

Baada ya hapo huja amri zinazobadili. Kuunda partisheni mpya yenye seli mbili, msimamizi huandika hivi:

parcreate -P mishahara -c 4:base:y:ri -c 5:base:y:ri

Herufi P kubwa hutangulia jina la partisheni. Kila c hutangulia seli. Y husema seli itumike partisheni itakapowashwa. Na ri inahusu jinsi kumbukumbu ya seli inavyorejeshwa kazini baada ya hitilafu. Amri hiyo ikikubaliwa, chumba kimejengwa lakini hakuna mtu ndani. Partisheni hukaa ikisubiri mpaka iamriwe kuwaka, na mfumo wa uendeshaji uwekwe. Kubadili iliyokwisha kuwapo hufanywa kwa parmodify, ambapo -a huongeza seli, -d huiondoa na -m huibadili sifa zake. Kuifuta partisheni ni kazi ya parremove.

Hadi hapa mambo ni mepesi, na mafunzo mengi huishia hapa. Ugumu uko katika swali ambalo amri zenyewe hazilipigii kelele: badiliko limeandikwa daftarini, je, limeshatokea?

Seli ikiwa imelala, jibu ni ndiyo. Daftari hubadilika papo hapo. Lakini seli ikiwa inafanya kazi, haiwezi kung'olewa huku mpangaji amelala juu yake. Amri ya kuiondoa hupokelewa, huandikwa, na husubiri. Inasubiri kuzimwa kwa partisheni, na wala si kuzimwa kokote. HP-UX ina kuzimwa na kuwashwa upya kwa kawaida, kunakoandikwa shutdown -r, kwa r ndogo, ambako seli hurudi kazini katika mpangilio ule ule wa zamani. Na ina kuzimwa kwa ajili ya kupanga upya, shutdown -R, kwa R kubwa, ambako seli zote za partisheni hurudishwa mwanzo kabisa, husimama kwenye kizingiti, husoma daftari jipya, kisha huingia kazini kwa mujibu wake.

Chukulia mfano wa kubuni. Benki ina Superdome ya seli nane. Partisheni 0 yenye hesabu za wateja ina seli 0 hadi 3. Partisheni 1 ya majaribio ina seli 4 hadi 6. Mwisho wa mwezi unakaribia na hesabu za wateja zimeelemewa. Imeamuliwa seli 6, ambayo si ile partisheni 1 inayoitegemea kuwaka, ihamishiwe upande wa hesabu. Msimamizi amepewa muda kuanzia saa nane hadi saa kumi za usiku wa kuamkia Jumapili. Anaandika parmodify -p 1 -d 6. Amri inapokelewa, na jibu linamkumbusha kwamba partisheni inahitaji kuwashwa upya kwa kupangwa. Anaingia partisheni 1 na, kwa mazoea ya miaka kumi, vidole vinaandika shutdown -r -y 0.

Partisheni inazimika, inapima kumbukumbu yake, inawaka. Hakuna kosa lolote kwenye kioo. Anarudi partisheni 0 na kuandika parmodify -p 0 -a 6:base:y:ri, na amri inakataliwa. Anaiandika tena, akidhani amekosea herufi, inakataliwa tena. Seli 6 bado ni ya partisheni 1, kwa kuwa badiliko la mwanzo bado linasubiri, na maadamu linasubiri, daftari la mgawanyo limetiwa kufuli lisiandikwe lingine juu yake. Dakika za kupima kumbukumbu katika mashine ya ukubwa huo si chache, na ameshazipoteza mara moja. Sasa atazirudia kwa R kubwa, kisha ataiongeza seli kwenye partisheni 0, kisha partisheni 0 nayo, yenye hesabu za wateja wote, itabidi izimwe na kuwashwa kwa R kubwa ili impokee mgeni. Saa kumi inamkuta katikati ya hatua ya mwisho.

Hakuna kilichoharibika katika mfano huu. Hakuna data iliyopotea. Lakini kuna watu waliokuwa mbele ya mashine za kutolea fedha baada ya saa kumi ambao walirudi nyumbani mikono mitupu, na sababu ni ukubwa wa herufi moja.

Ipo njia ya kujinasua kabla ya kufika huko. Amri parunlock hulifuta badiliko linalosubiri na kulifungua daftari. Ni amri ya kutumiwa kwa hadhari, kwani kufuli lile huenda limewekwa na mwenzake aliye chumba kingine, ambaye naye anasubiri muda wake.

Suala la nani ana haki ya kuandika lilikuwa zito zaidi ya lilivyoonekana mwanzoni. Katika mpangilio wa awali, msimamizi mkuu wa partisheni yoyote aliweza kubadili mgawanyo wa mashine nzima. Ni kama mpangaji mmoja kupewa nyundo ya kubomolea ukuta wa jirani. Kwa kampuni moja yenye msimamizi mmoja hilo halikuwa tatizo, lakini partisheni ya majaribio aghalabu ndiyo yenye nywila inayojulikana na watu wengi. Katika mashine zilizofuata kompyuta ndogo ya usimamizi ilipewa amri PARPERM, ambayo huibana kila partisheni isiweze kubadili isipokuwa mambo yake yenyewe. Mashine hutoka na mlango huo ukiwa wazi au umefungwa kulingana na ilivyopangwa, kwa hiyo ni jambo la kukaguliwa, halipaswi kudhaniwa.

Toleo la HP-UX 11i v3, lililoanza kutoka mwaka 2007, lililegeza sehemu ya ugumu huu. Kwa mashine zenye uwezo huo, amri parolrad iliwezesha seli kuongezwa au kuondolewa huku partisheni ikiendelea na kazi. R kubwa ikapungua umuhimu, ingawa haikutoweka.

Upande wa IBM, kosa lile lile lililogeuzwa

Seva za IBM za familia ya Power huufuata mkondo mwingine. Tangu pSeries 690 ya mwaka 2001, mgawanyo wake hutunzwa na programu iliyokaa chini kabisa, kati ya maunzi na mfumo wa uendeshaji. Kwa mfano wa nyumba, hili ni pazia, ila ni pazia zito lililofumwa pamoja na nguzo. Faida yake ni wepesi: tangu mwaka 2004, kwa prosesa za POWER5, partisheni iliweza kupewa hata sehemu moja ya kumi ya prosesa, na tangu POWER7+ ya mwaka 2012, sehemu moja ya ishirini. Hakuna ukuta wa mawe unaoweza kukatwa wembamba hivyo.

Msimamizi hazungumzi na seva moja kwa moja. Huzungumza na kompyuta ya pembeni iitwayo HMC, ambayo humruhusu kuingia kwa mbali na kuandika amri zake. Hapa nako kuna amri za kusoma, nazo huanza kwa ls: lssyscfg kwa ajili ya partisheni na profaili zake, lshwres kwa ajili ya maunzi yaliyogawiwa. Akitaka kuiongezea partisheni iitwayo hesabu megabaiti 4096 za kumbukumbu, huandika:

chhwres -r mem -m SEVA1 -o a -p hesabu -q 4096

Na kumbukumbu huongezeka pale pale, bila kuzima kitu, ilimradi mawasiliano kati ya HMC na mfumo wa uendeshaji yako hai na kiwango cha juu kilichowekwa hakijapitwa. Watumiaji wanafurahi, msimamizi anakwenda kulala.

Mtego uko upande wa pili. Kila partisheni ina profaili, yaani waraka unaosema ikiwashwa ipewe nini: kiasi cha chini, kiasi kinachotakiwa, na kiasi cha juu. Amri chhwres haiugusi waraka huo. Imebadili kinachoendeshwa na kuacha kilichoandikwa kama kilivyokuwa. Superdome ilikuwa na andiko jipya juu ya hali ya zamani. Huku kuna hali mpya juu ya andiko la zamani.

Kinachoufanya mtego huu uwe mbaya zaidi ni ukimya wake. Mfumo wa uendeshaji ukiwashwa upya kwa kawaida, kumbukumbu iliyoongezwa hubaki, kwa hiyo msimamizi anayejaribu kwa njia hiyo huridhika kwamba mambo yamekaa sawa. Profaili husomwa pale tu partisheni inapozimwa kabisa na kuamshwa upya kwa kuitaja. Hilo laweza kutokea baada ya miezi minane, siku mafundi wa umeme wanapokuja kubadili nyaya za jengo. Jumatatu asubuhi partisheni inaamka na kumbukumbu yake ya mwaka jana, kila kitu kinakwenda taratibu, na aliyeongeza zile megabaiti 4096 ameshahamia kazi nyingine. Mafundi wa umeme ndio wanaolaumiwa kwanza.

Dawa ipo na ni fupi. Baada ya chhwres, msimamizi huandika mksyscfg -r prof kwa chaguo la -o save, ambalo huinakili hali ya sasa na kuiweka katika profaili. Au huibadili profaili yenyewe kwa chsyscfg. Matoleo ya baadaye yalileta chaguo la kuifanya profaili iufuate mwendo wa partisheni yenyewe kwa yenyewe. Lakini chaguo hilo huwekwa kwa kila partisheni, na linapaswa kuulizwa kwa lssyscfg kabla ya kuaminiwa.

Kwa nini maandishi, wakati picha zipo?

Kampuni zote mbili zilitoa programu zenye picha na vitufe kwa ajili ya kazi hii. Ile ya HP iliitwa Partition Manager. Ni nzuri kwa anayejifunza, maana humwonyesha kabati na seli zake kwa rangi. Wazoefu wengi hata hivyo hurudi kwenye maandishi, na si kwa ubishi wa kizee. Amri iliyoandikwa inaweza kuwekwa kwenye faili, kusomwa na mwenzake kabla ya usiku wa kazi, kukosolewa, na kurudiwa kesho bila kubadilika herufi. Kubofya kwa kipanya hakuachi waraka. Isitoshe, maandishi hupita kwenye mtandao hafifu, na mafundi walio mbali na chumba cha mashine, pengine nchi nyingine kabisa, wanajua maana ya kusubiri picha ifunguke huku dakika zinahesabiwa.

Na waraka huo una thamani ya fedha. Programu nyingi za hifadhidata huuzwa kwa hesabu ya prosesa zinazotumika. Oracle, kwa mfano, katika sera yake ya leseni hutofautisha mgawanyo mgumu na mgawanyo laini. Partisheni za HP, za IBM na za Sun zilitajwa humo miongoni mwa migumu, ambayo humruhusu mteja kulipia chumba kimoja pasipo kulipia nyumba nzima. Programu za mapazia kama VMware zikawekwa upande wa laini. Ina maana kwamba parmodify -a, yenye urefu wa nusu mstari, inaweza kuongeza prosesa nne kwenye bili. Wasimamizi waangalifu huhifadhi matokeo ya parstatus kabla na baada ya kila badiliko, pamoja na tarehe, na faili hizo zinafaa kuwa tayari siku mkaguzi wa leseni anapobisha hodi.

Mengi yamebadilika tangu siku za Starfire. Sun ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Hewlett-Packard iligawanyika mwaka 2015, na upande wa seva ukachukuliwa na Hewlett Packard Enterprise. Amri za parcreate na parstatus ziliendelea kuishi katika Superdome 2 na Superdome X, zikiandikwa kwenye kompyuta ya usimamizi badala ya ndani ya partisheni, na hivyo kile kitendawili cha Mwanzo kikaisha chenyewe. Intel ilisitisha kusafirisha prosesa za Itanium mwezi Julai mwaka 2021, na huduma ya kawaida ya HP-UX 11i v3 ilifikia kikomo tarehe 31 Desemba 2025. IBM kwa upande wake inaendelea: seva za Power11 zilitoka Julai 2025, na HMC bado hupokea chhwres.

Mashine za Superdome zilizosalia zinaondolewa moja baada ya nyingine, na kazi hiyo nayo hufanywa kwa amri. parremove haikubali kuifuta partisheni nyingine iliyo macho. Sharti kwanza izimwe. Ile ambayo msimamizi mwenyewe amekaa ndani yake hufutwa kwa kuongeza -F, kisha shutdown -R -H, ambayo huisimamisha partisheni kwenye kizingiti bila kuiwasha tena. Seli zake hubaki katika orodha ya parstatus, prosesa na kumbukumbu zikiwa zimehesabiwa kama kawaida, na mahali pa namba ya partisheni huchapwa kistari.